Dakika Chache za Swafiya Redioni

Mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ilimjua Swafiya kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Akiwa dukani, akisema tu "nipimie sukari," mwenye duka huinua kichwa na kuuliza, "Wewe si yule wa redio?" Alikuwa yeye. Tangu katikati ya miaka ya themanini alikuwa akisoma taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye redio ya taifa, mjini Kigali, na kazi hiyo aliipenda kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukipata, mume akiwemo. Mume alikuwa ameshamwacha. Alirudi kuishi kwa baba yake, Mzee Gatera, fundi cherehani, katika nyumba ya mabati iliyopakana na msikiti.

Gatera aliikumbuka redio ilipoanza, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Alikuwa kijana, na mtaa mzima ulikuwa na redio moja ya mfanyabiashara Mwarabu. Siku hizo mitambo ilikuwa midogo, matangazo yalikuwa ya saa chache tu, na watu walisimama nje ya duka kusikiliza Kinyarwanda kikitoka ndani ya sanduku. Baadaye saa ziliongezeka, ukaja mtambo wenye nguvu zaidi wa masafa mafupi, kikaja Kifaransa kirefu cha mchana, zikaja salamu, michezo ya kuigiza, na matangazo ya vifo ambayo nchi nzima iliacha kula ili iyasikilize. Kiswahili nacho kilipewa nafasi yake. Kilikuwa kipande chembamba, dakika chache jioni, kwa ajili ya madereva, Wazaire, Watanzania na hao walioitwa Waswahili wa mjini, maana yake Waislamu kama Gatera na bintiye.

"Wajerumani wana mnara wao pale Kinyinya," Gatera alikuwa akisema akipiga pasi. "Kiswahili chao kinatoka kwenye mlima wetu, kinafika Afrika nzima. Sisi wenye mlima tunapewa dakika za kuchemsha chai."

Swafiya alicheka, lakini maneno hayo yalimchoma. Kiswahili safi alikuwa amejifunza kwa kusikiliza idhaa hizo hizo za mbali, ya Wajerumani na ya Dar es Salaam, akirudia kila sentensi baada ya mtangazaji. Nyumbani aliongea cha Biryogo, chenye Kinyarwanda ndani yake. Kwenye kipaza sauti alivaa kile kingine, kama mtu anayevaa viatu vya kutokea.

Vita vilipoanza Oktoba 1990, mkuu wa zamu ya habari alimwita ofisini. Jina lake Gratien, mtu nadhifu aliyesoma Butare, asiyepaza sauti hata siku moja. Alimwonyesha kiti.

"Dada Swafiya, hali umeiona. Wanaotushambulia wametoka Uganda. Amri zao za kijeshi wanapeana kwa Kiswahili."

"Nimesikia hivyo, Bwana Gratien."

"Basi kuna watu wanaouliza taarifa yetu ya Kiswahili inasema nini. Mimi sijui kuwajibu, kwa sababu sikielewi. Kuanzia leo, ukishatafsiri habari kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, utaitafsiri tena kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Nitalinganisha, kisha nitatia sahihi."

Swafiya alidhani hakusikia vizuri. "Nitafsiri ile ile mara mbili?"

"Ile ile."

"Na nikitaka kudanganya, si nitadanganya kwenye Kifaransa cha pili?"

Gratien alimtazama bila hasira. "Usiseme hivyo mbele ya watu wengine," alisema.

Ndivyo kazi ilivyogeuka. Habari ilimfikia alasiri, akaitafsiri, akaigeuza tena, akapanda ngazi kumtafuta Gratien. Gratien alisoma karatasi zote mbili kwa kalamu nyekundu.

"Hapa habari ya asili inasema jeshi. Kwako naona majeshi. Tuna majeshi mangapi nchi hii?"

"Moja, Bwana Gratien. Lakini kwa Kiswahili watu husema majeshi yetu."

"Kwa nini?"

Kwa nini! Angemjibu nini? Alirudi chini, akabadilisha, akapanda tena. Mara nyingi taa nyekundu ya studio iliwaka huku yeye bado yuko kwenye ngazi, na fundi mitambo, Libère, akilazimika kujaza nafasi kwa muziki. Libère alikuwa Mkatoliki mpole kutoka Nyakabanda, mtaa wa jirani, mwenye mke na watoto wawili. Alizoea kumfungulia mlango kwa goti, mikono yake ikiwa kwenye mashine.

"Leo amekuruhusu uingie na nini?" alimwuliza.

"Hali ya hewa na mpira."

"Basi soma polepole, zifanane na habari."

Walicheka mwanzoni. Baadaye waliacha kucheka. Taarifa ya Kiswahili iliendelea kupungua, na kila ilipopungua, watu wa Biryogo walimsimamisha njiani na kumlaumu yeye. "Weye Swafiya, mbona siku hizi hausemi kitu? Vita iko, na weye unatuambia mvua!" Hakuweza kuwaeleza habari za karatasi na kalamu nyekundu, kwa kuwa maelezo hayo yenyewe yangeweza kumpeleka gerezani. Miezi ile watu wengi walikuwa wamekamatwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Alitabasamu na kupita.

Mwanzoni mwa Juni 1992 mapigano yalifika Byumba, upande wa kaskazini. Asubuhi moja lilikuja tangazo: barabara ya kwenda huko imefungwa, magari yote yarudi. Kwa Kinyarwanda na Kifaransa lilisomwa mara moja. Swafiya alilitafsiri akiwa amesimama. Lilikuwa sentensi mbili tu. Akalitafsiri tena kwa Kifaransa, akapanda ngazi. Gratien hakuwepo. Ameitwa wizarani, karani alisema, na hajulikani atarudi saa ngapi.

"Nani mwingine anaweza kutia sahihi?"

"Hakuna. Kiswahili ni chake."

Swafiya alishuka kwa Libère na karatasi mkononi. "Nipe kipaza sauti, nusu dakika tu, kati ya nyimbo mbili."

Libère aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. Wote wawili walijua kingetokea nini. Yeye Mswahili, neno ambalo kwa Kinyarwanda cha mjini lilikuwa tusi, mtu wa ujanja ujanja. Na kitambulisho cha Libère kilikuwa na neno Mtutsi, kabila walilohusishwa nalo wale waasi wa kutoka Uganda. Watu wawili kama hao, wakitangaza habari ya vita bila sahihi, kwa lugha ambayo mkuu haielewi.

"Nikikuwashia, kesho hatutakuwepo hapa," Libère alisema. "Ukitaka, nitakuwashia. Sema wewe."

Swafiya alisimama pale na karatasi yake. Aliikunja. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Gratien alirudi jioni, akatia sahihi bila kubadilisha hata neno, na tangazo likasomwa wakati halina tena faida.

Kulikuwa na dereva Mtanzania wa kutoka Ngara, jina lake Maneno, aliyepanga chumba nyuma ya nyumba ya Gatera kila alipofika Kigali. Alikuwa akipeleka mahindi ya msaada kwa wakimbizi wa ndani huko Byumba. Kinyarwanda hakukijua kabisa. Asubuhi ile aliondoka na lori, redio ikiwa wazi, akisubiri kama kawaida yake kumsikia dada wa nyumbani. Lori lilishambuliwa na kuteketea barabarani. Maneno mwenyewe alirudi baadaye akiwa amelazwa nyuma ya pikapu, mkono wa kulia umefungwa vitambaa kuanzia begani. Hospitali iliukata.

Swafiya alikwenda kumwona. Maneno hakumkaripia. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

"Redio ilikuwa wazi, dada," alisema. "Nilikuwa nasikiliza. Walisema maneno mengi sana asubuhi ile, nikajua kuna jambo. Nikasema nisubiri, Swafiya atatuambia."

Swafiya aliporudi kazini hakuweka hata kikapu chake chini. Alikwenda moja kwa moja kwa Gratien, akamweleza habari ya Maneno tangu mwanzo hadi mwisho. Gratien alisikiliza, mikono juu ya meza.

"Inasikitisha," alisema. "Lakini tangazo lilisomwa. Ninayo kumbukumbu kwamba lilisomwa."

"Lilisomwa jioni!"

"Lilisomwa," Gratien alirudia kwa upole, na Swafiya akatoka, kwa sababu angekaa zaidi angelia mbele yake, na hakutaka.

Mwaka ule, hata hivyo, upepo ulikuwa ukibadilika. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, serikali ikawa ya mseto, wakuu wapya wakaletwa redioni, na watu wakaanza kuongea koridoni bila kuangalia nyuma. Kisha ikaja habari kwamba nchi itapata televisheni yake yenyewe kabla ya mwaka kwisha. Mafundi walikuwa wakibeba masanduku. Chumba kilichokuwa stoo kilipakwa rangi. Tangazo likabandikwa kwamba watangazaji wote wa redio wanaweza kuja kujaribiwa mbele ya kamera.

Swafiya alishona gauni. Kwa kweli alilishona Gatera, la kijani kibichi, kwa kitambaa alichokuwa amekitunza kwa ajili ya sikukuu. Siku ya majaribio Libère ndiye aliyepanga taa. Swafiya alisoma habari kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, akiinua macho kila mwisho wa sentensi kama walivyoelekezwa. Alipomaliza, mgeni mmoja aliyekuwa akisimamia kamera alisema kwamba sauti na uso vinakubaliana, jambo ambalo si la kawaida.

"Vizuri sana," alisema Gratien, aliyekuwa kwenye kamati. "Kile kitambaa cha kichwani, je, unaweza kukivua?"

"Hapana."

"Sawa. Tutakujulisha."

Hakujulishwa. Lakini alikuwa ameshamwambia baba yake yale maneno ya mtu wa kamera, na Gatera alikuwa ameshauambia mtaa. Siku za mwanzo za televisheni, mfanyabiashara mmoja wa Nyamirambo alinunua seti na kuiweka dukani, skrini ikitazama barabara. Gatera alikwenda mapema akiwa amevaa kanzu na kofia, akapewa kiti cha mbele. Watu walijaa hadi kwenye mtaro. Swafiya alikuwa kazini, akisoma dakika zake za redio, na alipomaliza alishuka mlima kwa haraka kwenda kumzuia baba yake. Alichelewa. Aliwakuta wote wametulia wakitazama mawaziri wakipeana mikono. Ikaja taarifa ya Kinyarwanda. Ikaja ya Kifaransa. Kila mtangazaji alipotokea, watu walinyoosha shingo, kisha wakazirudisha. Ukapigwa wimbo, picha ikawa ya chengachenga, mwenye duka akazima.

"Na Kiswahili iko lini?" mtu mmoja aliuliza.

Gatera aliinuka, akashika kiti, akakirudisha ndani ya duka mwenyewe. Walitembea pamoja mpaka mlangoni.

"Gauni lilikuwa linakubana?" aliuliza.

"Hapana, Baba. Lilinikaa vizuri."

"Nilidhani labda ni gauni."

Swafiya aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga ukuta kwa ngumi mpaka mkono ukavimba. Alisoma taarifa ya kesho yake akigeuza karatasi kwa mkono wa kushoto.

Aliomba taarifa ya Kiswahili irefushwe, akajibiwa kuna televisheni ya kulipia gharama. Aliomba ahamishiwe matangazo ya vifo, akajibiwa Kinyarwanda chake kina lafudhi. Mwaka 1993 ilianza redio nyingine mjini, ya watu binafsi, yenye muziki mzuri na utani, na katikati ya utani sumu. Vijana wa Biryogo walianza kuisikiliza kwa sababu ya nyimbo. Swafiya aliwaambia waizime. "Basi tusikilize nini?" walimjibu. "Wewe na mvua yako?"

Mauaji ya Aprili 1994 sitayasimulia yote, kwa kuwa Swafiya mwenyewe aliponieleza hakuyasimulia yote. Redio nyumbani kwa Gatera ilizimwa, na mzee akatoa betri akazitupa chooni, ili mtu yeyote asiiwashe hata kwa bahati mbaya. Libère alimleta mkewe, Christella, na mtoto wao mdogo alfajiri moja kupitia vichochoro, akawakabidhi kwa Gatera, kisha akarudi Nyakabanda kumfuata binti yao mkubwa, Gwiza, aliyekuwa kwa bibi yake. Hakurudi. Watu waliopita walisema walimwona kwenye kizuizi, ameketi chini pamoja na wengine. Gwiza hakuonekana.

Gatera aliwaficha wale wawili katika chumba alichokuwa akilala Maneno, akarundika mbele ya mlango marobota ya vitambaa na cherehani mbovu. Wanamgambo walikuja mara tatu. Mara ya mwisho mzee alitoka nje na mkasi wake mkubwa mkononi, akawauliza kwa ukali kama wamekuja kushonesha. Kijana mmoja kati yao alikuwa amewahi kushonewa suruali ya harusi na Gatera. Aliwaambia wenzake twendeni, huyu ni mzee tu. Mpaka leo Swafiya hajui kwa nini iliwezekana pale na isiwezekane nyumba ya tatu kutoka pale.

Julai mji ulipata wenyewe wapya, wale waliotoka Uganda. Redio ya taifa ilirudi hewani polepole. Wafanyakazi wa zamani waliobaki hai wakaitwa. Gratien alikuwa amekimbilia Zaire, na hakuna aliyesikia habari zake tena. Swafiya alipanda ngazi zile zile zenye vioo vilivyovunjika, akaingia studio, akasimama mbele ya mashine za Libère kwa muda. Juu ya mashine hizo kulikuwa na vumbi na ganda la risasi. Alilipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio.

Mkuu mpya wa vipindi aliitwa Mugenzi. Alikuwa mtoto wa wakimbizi wa zamani, amekulia Tanzania, amesoma Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilikuwa kile ambacho Swafiya alikuwa amekisikiliza usiku na mchana tangu utotoni. Hatimaye mkuu anayeelewa!

"Dada, soma hii," Mugenzi alisema, akampa karatasi.

Swafiya alisoma. Lakini miezi ile alikuwa ameongea na watu wachache sana, kwa kunong'ona, na ulimi ulikuwa umerudi Biryogo. Alisema "mkimbidhi". Alisema "selikali". Alisikia mwenyewe, akajaribu kurekebisha, akaharibu zaidi.

Mugenzi alikuna kidevu. "Dada yangu, usinielewe vibaya. Sauti unayo. Lakini hiki Kiswahili… Ndugu zetu wa Tanzania wakitusikia watatucheka. Tunaye Trinah amekuja kutoka Kampala, na kuna vijana wawili wa Bujumbura. Tutaona tunakuweka wapi."

Swafiya aliinuka. Alikuwa amenyamaza miaka minne, na sasa hakuweza tena.

"Bwana Mugenzi, mwaka wa tisini niliambiwa Kiswahili changu ni cha adui. Nikakisoma nusu nusu, kwa ruhusa. Mtu alipoteza mkono wake. Kwenye televisheni kikanyimwa nafasi. Leo unaniambia si Kiswahili cha kutosha? Basi niambieni mara moja ni lini kitatosha!"

Mugenzi hakukasirika. Alimvutia kiti chake mwenyewe. "Kaa, dada," alisema. "Sikuyajua hayo." Kisha akaongeza: "Kuna kazi ambayo hapa hakuna anayeitaka. Wanasema wakiisoma hawalali. Majina ya watoto waliopotea na wazazi wanaowatafuta. Kwa Kinyarwanda yanasomwa. Kwa Kiswahili bado."

"Dakika ngapi?"

"Kumi."

"Hazitoshi."

"Najua hazitoshi."

Alizichukua. Kila jioni alisoma: jina la mtoto, jina la baba, mlima aliotoka, alivaa nini alipoonekana mara ya mwisho. Alisoma kwa ajili ya kambi za Ngara na za Goma, na zaidi kwa ajili ya wenyeji wa huko, wavuvi wa ziwani, wauza dagaa, madereva na masista, watu wasiojua Kinyarwanda ambao wangeweza kuwa wamempa mtoto mgeni mahali pa kulala. Umeme ulikatika katikati ya majina. Jenereta ilikataa kuwaka. Kesho yake alianza pale alipoachia, na majina mapya yakabaki nje, na wenyewe wakaja langoni kumwuliza kwa nini. Alimwomba Mugenzi nusu saa. Mugenzi alimwomba mtu mwingine juu yake. Jibu lilikuwa ni lile lile, tutaona.

Jina la Gwiza alilisoma siku ya kwanza, na mara nyingi baadaye, mpaka Trinah akamwambia kwa upole kwamba kuna wengine wanaosubiri zamu. Swafiya alijua hivyo. Aliendelea kulisoma kwa kulichomeka mwishoni, haraka, kabla taa haijazimika.

Mnamo Novemba mwanamke mmoja wa Bukavu, muuza mafuta ya mawese, aliteremka langoni na mtoto wa kike mgongoni. Alikuwa amemsikia dada wa Kigali kwenye redio, alisema, akitaja gauni la maua na kovu la nyusi, alama ambazo Gwiza pia alikuwa nazo. Swafiya alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikamtoka. Mtoto aliinua uso. Kovu lilikuwepo. Hakuwa Gwiza. Alikuwa binti wa mtu mwingine kabisa, ambaye jina lake lilikuwa limesomwa mara moja tu, kabla umeme haujakatika. Bibi ya mtoto huyo alipatikana mtaa wa Kabeza jioni ile ile, na kilio alichokitoa kilisikika barabara nzima.

Swafiya alirudi Biryogo kwa miguu. Christella alikuwa uani akichambua maharage, na mwanawe mdogo amelala kwenye mkeka. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Wamesema umempata msichana," Christella alisema, akisimama.

"Si yeye, mdogo wangu. Ni mwingine."

Christella alibaki amesimama na sinia mkononi. Kisha akauliza, "Na huyo, ana mtu wake?"

"Anaye. Bibi yake."

"Haya," alisema Christella, akakaa, na Swafiya akakaa kando yake, wakachambua pamoja mpaka Gatera alipotoka ndani kuwauliza kama hakuna mtu atakayewasha moto.

Kesho yake asubuhi Swafiya alikuwa mlangoni kwa Mugenzi kabla mwenyewe hajafika, akidai nusu saa yake.